Boksi Lililounguruma Bila Betri

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nyingi huwaishia mafundi wenzangu wanaomenya waya kwa meno. Waya unamenywa kwa kisu, unasokotwa, unafungwa tepu, halafu unapimwa. Ndipo unawasha. Hapa Singida Mjini wapo mafundi wanaowasha kwanza, kisha wanasikilizia kama kuna kitu kinanuka. Magari yao huishia kwangu, na mwenye gari huanza kwa kusema redio ilikuwa nzima mpaka jana.

Kazi yangu ni kufunga muziki kwenye magari. Kibanda changu kiko nyuma ya soko, na mbele yake pana nafasi ya magari mawili yakibanana. Nafunga redio, amplifaya, spika za milangoni, na sabufa, lile spika kubwa la besi linalokaa ndani ya boksi nyuma ya gari na kutikisa vioo vya nyumba za watu. Nimeifanya kazi hii miaka tisa. Mteja mgeni akifika na kuniuliza fundi yuko wapi, namjibu ametoka, arudi kesho. Hiyo ni siku nikiamka vibaya. Nikiamka vizuri namwonyesha kiti.

Baba yangu ni mfugaji wa nyuki kule Rungwa. Alinipa jina la mama yake, kwa hiyo tangu nikiwa mdogo ananiita mama, hata akiwa ananigombeza. Wakati wa haya ninayosimulia alikuwa amekuja mjini kutafuta seremala wa kumtengenezea mizinga thelathini. Seremala aliyempenda alikuwa na kazi ya madawati, akamwomba asubiri wiki mbili. Basi baba akakaa kwangu Mwankoko, na kila asubuhi akawa anatembea mjini kuangalia watu wanavyofanya kazi.

Alikwenda kwa fundi baiskeli. Alikwenda kwa fundi cherehani, akakaa hadi mchana na kurudi na maoni kuhusu mishono ya kola. Alikaa kwa mnoa visu, mtu ambaye kazi yake nzima unaweza kuielewa kwa dakika tatu, akarudi kwake kesho yake. Kwangu hakuja. Nilipomkaribisha alinijibu, "Nitakuja, mama," kwa sauti ile ile anayowajibia watu wa bima.

Namwelewa. Nyumbani kwetu mtoto hufundishwa mapema kwamba ukiwa karibu na mzinga unanyamaza. Mtu aliyeishi hivyo maisha yake yote huwezi kumweleza kirahisi kwamba binti yake, aliyeacha chuo cha ualimu, anakula kwa kuuza kelele. Lakini niseme ukweli, nilitaka aje. Nilitaka akae kwenye kile kiti, aniangalie nikifanya kazi, halafu aseme neno. Nilikuwa na miaka thelathini na nne, na bado nilikuwa nalitaka neno hilo kama mtoto anavyotaka pipi.

Wiki ya pili alinijia mteja niliyekuwa namfahamu kwa sura. Alikuwa mzee wa duka la vitambaa, wa zile familia za Kihindi zilizokuwa na maduka hapa mjini kabla sijazaliwa. Gari lake lilikuwa stesheni wagoni ya zamani, safi kama sahani ya wageni. Nikamwamkia.

"Marahaba, binti. Nataka kusikia ngoma," akaniambia. "Mwimbaji wangu anaimba kama yuko ndani ya pipa, na mpiga ngoma simsikii kabisa. Nalipia wanamuziki kumi, nasikia wawili."

Nilimpenda papo hapo. Wateja wengi wanataka gari liwasumbue wengine. Huyu alitaka kumsikia mpiga ngoma.

Nikampangia kazi. Milangoni ningeweka spika za kati, kwenye kona za madirisha ya mbele twita ndogo za sauti nyembamba, na nyuma sabufa moja ndani ya boksi, amplifaya ikiwa imefungwa juu ya boksi hilo hilo. Vifaa vyote nilikuwa navyo isipokuwa mbao za boksi. Mzigo wa bodi, zile mbao za kiwandani, ulikuwa haujafika, na mzee alitaka gari Ijumaa.

Boksi la sabufa watu hulidharau, wanadhani ni sanduku la kuficha waya. Besi yote iko kwenye boksi. Mbao zikiwa nyepesi, linatetemeka badala ya spika. Likiwa na ufa hata wa kupitisha karatasi, linatoa pumzi kama mzee anayepanda ngazi. Hewa inatakiwa kutoka sehemu moja tu, kwenye bomba unalolipima na kulitoboa mwenyewe.

Jumatano jioni niliporudi nyumbani niliona fungu la mbao nyuma ya nyumba, karibu na kuni. Zilikuwa nene, kavu, zimenyooka, zimefungwa kwa kamba ya magome. Pembeni zilikuwa zimechongwa ili zishikane, na kwa ndani zilikuwa na utando wa kahawia, mgumu, unaong'aa. Zilinukia asali. Nilijua ni mbao za mzinga uliobomolewa, nani asingejua katika nyumba yetu. Nikajiambia ni mzinga uliozeeka, baba kaja nao tuuchome. Mtu akiweka kitu karibu na kuni, ana maana gani nyingine? Baba alikuwa ameshalala, na mimi sikutaka kumwamsha kwa ajili ya kuni.

Ukweli ni kwamba ningeweza kuuliza asubuhi. Sikuuliza kwa sababu nilihofia atakataa.

Alhamisi nilizikata. Lile boksi lilikubali kila kitu. Ule utando, ambao ni gundi ya nyuki wenyewe, ulikuwa umeziba kila tundu la mbao, na nilipolitoboa kwa ajili ya bomba, ubao haukupasuka hata uzi mmoja. Kwa kipande kilichobaki nikatengeneza pete za kushikia spika za milangoni. Nikavuta waya mnene mwekundu kutoka kwenye betri, nikauwekea fyuzi karibu na betri na si mahali pengine popote, nikakwangua rangi kwenye bodi ya gari ili waya mweusi ushike chuma kitupu. Kila spika nikaijaribu kwa betri ndogo ya saa ya ukutani. Ukigusisha chanya kwenye chanya, spika inasogea mbele, ukikosea inarudi nyuma. Ukifunga moja kinyume, moja inasukuma na nyingine inavuta, na ile besi uliyoitafuta inapotelea katikati. Zote zilisogea mbele.

Ijumaa mzee alikaa kwenye kiti cha dereva akafumba macho. Mpiga ngoma alipoingia, mzee akashika usukani kwa mikono miwili.

"Yupo," akasema.

Kisha akanusa. "Na gari linanukia sikukuu." Akaondoka ameteremsha kioo cha nyuma upana wa kiganja, ili mtaa nao usikie kidogo.

Jumamosi jioni baba alizunguka nyumba mara mbili.

"Mama, mbao zangu ziko wapi?"

"Mbao zipi, baba?"

"Za mzinga. Nimeziacha pale nyuma, pakavu. Ndizo za kumwonyesha seremala Jumatatu. Huo mzinga mmoja nyuki hawajawahi kuukataa, nataka yote thelathini iwe kama huo."

"Nimezihifadhi," nikamwambia. Haukuwa uongo kamili. Zilikuwa zimehifadhiwa vizuri, kwa skrubu na gundi, ndani ya gari la mtu.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimetaka baba aione kazi yangu, na sasa kitu cha kwanza ambacho angekijua juu ya kazi hiyo ni kwamba imekula mzinga wake.

Jumapili baada ya chakula cha mchana simu ikalia. Alikuwa mzee wa vitambaa. Mikono yangu ilikuwa na mafuta, nikaweka sauti ya nje na kuilaza simu mezani, baba akiwa kwenye mkeka anachambua karanga.

"Binti, gari linaunguruma."

"Shikamoo, mzee. Linaunguruma ukiwasha redio?"

"Marahaba. Redio nimezima."

Hapo nikawa kwenye uwanja wangu. Nikamweleza kwamba mngurumo wa namna hiyo ni waya mweusi, haujashika bodi sawasawa, na nikajilaumu kwa sauti ili asikie kwamba mimi si fundi wa kumsingizia mteja. Nikamwambia afungue boneti alegeze waya wa hasi kwenye betri, utanyamaza.

Tukamsikia akitembea, akihema, akigonga vyuma.

"Nimelegeza. Bado."

"Toa na wa chanya."

"Nimetoa. Bado."

"Mzee, haiwezekani."

"Binti, nimeing'oa betri yote, iko hapa chini miguuni kwangu. Gari bado linaunguruma. Ngoja nikusogezee simu kwenye kioo."

Simu ikaleta mngurumo mnene, wa chini, usio na pumziko. Kwa miaka tisa nimesikia kila aina ya mngurumo wa amplifaya, lakini huu sikuwahi kuusikia. Nikaanza kufikiria umeme uliobaki ndani ya amplifaya, nikaanza hata kufikiria mambo ya ushirikina.

Baba aliacha karanga. Akainamisha sikio kwenye simu.

"Mwambie asifungue mlango," akasema taratibu. "Aondoke hapo polepole. Hao ni nyuki, na ni wengi, na wameshahamia."

Nikamwambia mzee. Mzee akajibu "ah", akakata simu.

Yalikuwa ndiyo majira ambayo alizeti zimechanua na makundi ya nyuki yanahama yakitafuta makao. Baba alijua. Kila mfugaji kwetu hupaka nta ndani ya mzinga mpya ili nyuki wainuse na kuingia. Mimi nilikuwa nimechukua mbao zilizolowa nta kwa miaka, nikazifungia ndani ya gari linalopigwa na jua, nikatoboa mlango mmoja wa duara, na mwenye gari akateremsha kioo.

Baba alikuwa ananiangalia.

"Mama, nyuki wamefuata nini kwenye gari la watu?"

"Mbao zako, baba."

"Umezikata?"

"Ndiyo."

"Zote?"

"Imebaki kidogo. Hiyo nimeweka milangoni."

Akasema sentensi moja ndefu kwa lugha ya nyumbani, ambayo siwezi kuiandika hapa. Ilimtaja mama yake mwenyewe, na sijui kama alikuwa anamsemea bibi au ananisema mimi. Kisha akasimama, akaomba kopo tupu, kiberiti na kinyesi kikavu cha ng'ombe.

Jua lilikuwa limeanza kushuka tulipofika uani kwa mzee, kila mmoja kwa bodaboda yake. Mzee wa vitambaa alikuwa amesimama mbali na gari, amekumbatia betri. Wazee wale wawili wakatazamana, na kazi ikasimama, kwa sababu hapakuwa na aliyejua nani amwamkie mwenzake.

"Wewe umezaliwa mwaka gani?" akauliza mzee wa vitambaa.

"Mama aliniambia mahindi yalikuwa yamekomaa."

"Ya mwaka gani?"

"Hakusema."

Nyuma yao gari likawa linaunguruma. Mwishowe wote wawili wakasema shikamoo kwa pamoja, wote wakaitika marahaba, na hapo ndipo tukaruhusiwa kuendelea.

Baba akachungulia kioo. Kundi lote lilikuwa ndani ya boksi, wachache wakitembea kwenye mdomo wa bomba. Tungeliziba lile bomba kwa kitambaa, akasema, tulitoe boksi zima. Alisogeza mkono kwenye mlango wa nyuma, kutaka kulivuta kama gunia.

"Baba, halitoki hivyo. Limefungwa chini kwa skrubu, na amplifaya iko juu yake ina nyaya kumi na kitu. Ukivuta utang'oa mpaka dashibodi."

Akaniangalia, akaliangalia boksi. "Basi litoe wewe. Mimi nitawashika hawa."

Alipuliza moshi kidogo kupitia kile kioo, akangoja, akafungua mlango wa nyuma. Akaziba bomba kwa kipande cha kanga, akashikilia kwa viganja viwili. Uso wake ulikuwa umeelekea upande wa pili, hakuweza kuona mikono yangu.

"Fanya polepole," akasema. "Usiwapumulie. Na niambie kila unachoshika, nijue uko wapi. Sauti ya chini, isiyopanda."

Basi nikaanza kumweleza, nikinong'ona kama mtu anayebembeleza mtoto. Sijawahi kuieleza kazi yangu hivyo kwa mtu yeyote.

"Nashika waya mwekundu mnene."

"Unatoka wapi?"

"Kwenye betri, mbele kabisa. Njiani una fyuzi. Likitokea baya, fyuzi inaungua, gari linapona."

"Haya."

"Sasa mweusi. Huu unarudi kwenye bodi ya gari."

"Kwa hiyo mmoja unaleta, mmoja unarudisha."

"Ndiyo. Sasa huu mwembamba wa bluu. Huu unaiambia amplifaya iamke redio ikiwashwa."

"Usipokuwepo?"

"Inalala. Na nyingine zote zinakuwa kazi bure."

Nyuki mmoja alitua kwenye kidole changu cha shahada nikiwa nimeshika bisibisi. Nikamwambia baba. "Mwache, anakagua," akajibu. Mwingine hakukagua, alinichoma shavuni chini ya jicho. Machozi yakatoka yenyewe. Sikuiachia ile skrubu.

"Umechomwa?"

"Ndiyo."

"Unashika nini?"

"Nyaya za spika za mbele. Kuna kisanduku hapa kinachogawa sauti. Nyembamba inapanda kwenye twita, nene inabaki mlangoni."

"Nani anakiambia hii ni nyembamba, hii ni nene?"

"Kinajua chenyewe."

"Kizuri hicho," akasema.

Nilichomwa tena mara mbili, shingoni na mkononi. Nilipofungua skrubu ya mwisho tulilinyanyua boksi pamoja, zito na la moto, likitetemeka kwenye matumbo yetu, tukaliweka kwenye kivuli cha ukuta wa uani. Mzee wa vitambaa alikuwa ametuangalia muda wote bila kuiachia betri yake. Nikamwahidi kwamba kesho nitampa boksi jipya la bodi, maana mzigo ulikuwa umefika Jumamosi, na sabufa mpya. Ile ya zamani ilikuwa imeshapata wapangaji. Akauliza kama bodi nayo itanukia asali, na nilipomjibu hapana, akaonekana kuumia.

Ningetaka kusema kwamba jioni ile baba alinisamehe. Alinitoa tu mwiba wa shavuni kwa ukucha, akanipaka kitunguu, akalala.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kibandani, jicho moja limefumba kwa uvimbe, nimejikunja ndani ya gari la mzee nikirudisha nyaya. Nikasikia sauti ya baba nje. Alikuwa na seremala. Nilijua wamekuja kuulizia mbao, na nikajua kwamba baba angenisema mbele ya fundi mwenzangu, na kwamba angekuwa na haki. Nilibaki humo humo chini ya dashibodi, nikichungulia kupitia mlango uliokuwa wazi.

Boksi jipya la mzee, nililolitengeneza usiku ule ule, lilikuwa limekaa juu ya meza yangu, limeshakauka gundi. Nilikuwa nimelipima sawasawa na lile la kwanza, kidole kwa kidole. Baba akaligonga kwa kifundo cha kidole upande mmoja, akaligonga upande wa pili, akapitisha kidole gumba kwenye kila kona, polepole, akitafuta ufa. Hakuupata.

"Kule nyumbani ninayo mizinga mizuri," akamwambia seremala, "imekaa mwaka mzima mitupu, nyuki wanapita juu yake wanakwenda kulala kwenye mti. Nta tunapaka wote. Wakichungulia wakaona mwanga kwenye kona, hawakai. La huyu hawakumaliza hata siku mbili. Kwa hiyo acha ule mzinga wangu wa zamani, tengeneza kama hili. Mfuniko nitakuelekeza."

Seremala akatoa futi, akaanza kupima haraka haraka, akiandika kwenye kiganja.

"Taratibu," baba akamwambia, na akavuta kile kiti akakaa. "Rudia hapo. Usije ukamharibia binti yangu kazi yake."

Nilikuwa nimeshika waya wa bluu. Nikaendelea kuushika muda mrefu kuliko ulivyohitaji, nikilia kwa jicho lile moja lililoweza kufunguka.